Kidonge cha Pili Nilichomnyima Mgeni

Jumatano, tarehe kumi na moja, mwezi wa sita. Kusi imevuma tangu alfajiri, kibaridi kidogo, mawingu mengi lakini hata tone halikudondoka. Nguo alizoanika mke wangu zilikauka kabla ya adhuhuri.

Vijana wangu wa chokaa, asubuhi mlipokuja watatu na shikamoo zenu za mkupuo mmoja, nilijua mnataka kitu. Mlikunywa chai, mkasifia mihogo, mkazunguka weee, mwisho Zuhura akasema: "Babu, wiki ijayo tunakwenda kwenye magofu ya kisiwani Songo Mnara, kazi ya miezi miwili. Tupe vidonge vyako vya moyo, hata viwili tu, tuviweke kwenye boksi la huduma ya kwanza. Ikitokea mtu kabanwa na kifua, tumfufue kama wewe ulivyomfufua yule mzee."

Sikuwajibu. Mlidhani nimechukia, mkaaga haraka. Sikuchukia. Niliona haya, maana hiyo hadithi ya kumfufua mtu imetembea mbali kuliko miguu yangu, na kila inapopita inaongezewa chumvi. Juzi msikitini nimeambiwa kwamba nilimpa vidonge saba na akainuka akarukaruka. Basi nimekaa barazani na daftari, niwaandikie ilivyokuwa. Mimi ni mtu wa darasa la saba, mwandiko wangu mnaujua, msinicheke. Daftari la mwaka ule ninalo hapa. Pale ambapo daftari linasema hivi na wenzangu wanasema vile, nitaweka yote mawili, nanyi mtachagua.

Lakini nianze na kazi, maana ndiyo inayotukutanisha.

Fundi aliyenifundisha alikuwa Mzee Chande, mfupi, mkali, mwenye sikio moja zima. Siku yangu ya kwanza alinitupia konzi ya mchanga mkononi akaniambia, "Onja." Nikadhani ananifanyia mzaha wa wageni wa kazi. Nikaweka mchanga ulimini. "Una chumvi?" Nikasema sijui. "Basi onja tena mpaka ujue." Siku ile nilikula mchanga kuliko ugali. Leo mnapimiwa mchanga kwa chupa na karatasi zinazobadilika rangi, na ni vizuri, sikatai, ulimi wa mtu aliyekula samaki mkavu haufai kupima kitu. Lakini mchanga wa pwani ukiuosha mara mbili badala ya nne, ukuta wako utatoka manyoya meupe mwaka wa pili, na hizo karatasi mkiwa mmezisahau Kilwa Masoko, ulimi mnao.

Mengine mnayajua: chokaa izimwe na ikae, msiwe na pupa. Ukuta unywe maji kabla ya kupewa lipu. Magunia mabichi yafunike kazi siku saba, na anayelala zamu ya kumwagilia asiseme alimwagilia. Mimi niliwahi kusema nilimwagilia. Lipu ikapasuka kama gamba la kobe, na Mzee Chande hakunigombeza, alinileta kila asubuhi mwezi mzima tuitazame pamoja.

Kosa langu kubwa lakini lilikuwa la saruji. Kulikuwa na shubaka moja, lile la kuwekea taa ukutani, limemeguka ukingo. Mzee Chande alikuwa amekwenda msibani. Mimi nikaona nifanye wema. Nikachukua saruji iliyobaki kwenye ujenzi wa choo cha wageni, nikaliziba, nikalisawazisha, likang'aa. Niliona fahari. Masika mawili yakapita, na jiwe la matumbawe kuzunguka ile saruji likaanza kuoza, likabaki pengo kubwa mara tatu ya lile la mwanzo. Saruji yangu ilibaki nzima katikati, ngumu, imening'inia. Mzee aliniuliza neno moja tu: "Kabla hujaziba, uliangalia ndani mna nini?" Sikuwa nimeangalia. Nilikuwa nimeangalia pengo.

Sasa moyo. Ulianza kunisumbua miaka ya mwisho ya kazi. Nikibeba ndoo ya chokaa kupanda jukwaa, kifua kinabana kama mtu kanikalia, nikisimama kinaachia. Daktari wa kliniki yetu, binti mmoja wa bara anayeniita babu, ambaye hapa nitamwita Daktari Neema, alinipa dawa za kila siku, na juu yake akanipa kichupa kidogo cha kahawia chenye vidonge vya kuweka chini ya ulimi pale kifua kinapobana. Akasema: "Babu, kaa chini kwanza, ndipo uweke. Usimeze. Usivitoe kwenye chupa yake. Ukiona havikuletei nafuu, usikae nyumbani ukingoje, njoo." Mimi nikavitoa kwenye chupa. Nilivifunga kwenye kikaratasi nikavitia kwenye kofia, ndani ya mkunjo, ambako wazee wetu wote huweka kitu cha thamani. Jua, jasho, baada ya mwezi vilikuwa unga. Nilipomwonyesha alicheka mpaka akatoa miwani. "Babu, hii dawa inaogopa jua na hewa, wewe umeitembeza kichwani!" Akanipa vingine. Tangu siku hiyo kichupa kinakaa mfuko wa shati, kimefungwa.

Nimewaandikia haya ya kofia ili mjue dawa hii ina tabia zake, nami sizijui zote. Nilijua zangu mimi. Za mwili wa mtu mwingine sikujua hata moja, na siku ile sikujua kwamba sijui.

Ilikuwa msimu wangu wa mwisho kule Songo Mnara. Adhuhuri, maji yamekupwa, wenzetu wamekwenda kijijini kula. Nilibaki mimi na Jumbe, fundi mwenzangu, mnamfahamu, yule anayeongea akiwa na misumari mdomoni. Tulikuwa tunamalizia lipu ya chumba cha kusini. Njia ya kutoka ufukoni kwenda kijijini inapita palepale penye magofu, na kwenye njia ile akatokea Bi Mwanaidi wa kijijini, anatembea mbele na kikapu na dumu lake la maji, na nyuma yake mwanaume mtu mzima, mgeni, na gunia la mchele begani.

Mwenyewe amenipa ruhusa ya kuyasimulia haya, ila nibadilishe jina. Nitamwita Athumani. Ni mtu wa Kinjumbi. Alikuwa ameoa mara ya pili, mke kijana, binti ya huyo Bi Mwanaidi, na hii ilikuwa mara yake ya kwanza kuja ukweni. Mke alikuwa amebaki Masoko kwa dada yake, angefuata kesho yake. Sasa fikirini: mkwe wa kiume ana miaka sitini na ushei, mama mkwe hajafika hamsini na tano. Lakini mkwe ni mkwe. Yule baba alikuwa anatembea macho chini, hamtazami usoni, na gunia lile hakulitua hata mara moja tangu mahali boti ilipoishia, tope lote la mikoko, kwa sababu mama mkwe alikuwa mbele hapumziki. Bi Mwanaidi naye, nilikuja kumwuliza baadaye, alisema hakupumzika kwa sababu aliona mkwe wake hapumziki, angemwonaje. Wote wawili walikuwa wamechoka, kila mmoja akimstahi mwenzake.

Alipofika kwenye ukuta wetu akatua gunia, akaegemea.

Neno langu la kwanza kwa mtu yule, Mungu anisamehe, lilikuwa: "Usiegemee hapo, lipu mbichi!"

Hakusogea. Ngumi ameibana kifuani, jasho linamtiririka na kusi inavuma. "Kifua," akasema. "Kama kuna mtu kanikalia."

Maneno hayo yalikuwa yangu. Mimi ndiye niliyemwambia Daktari Neema maneno yale yale. Nadhani hilo ndilo lililonipoteza: nilimsikia akisema maneno yangu, nikadhani na ugonjwa ni wangu, na mwili ni wangu, na dawa basi ni yake. Nikatoa kichupa. Vilikuwa vimebaki viwili, kliniki yangu ilikuwa Alhamisi. Nikampa kimoja. "Weka chini ya ulimi, usimeze."

Hapa ndipo daftari na watu wanapotofautiana. Daftari langu la jioni ile limeandika: "Nikamkalisha, nikampa dawa." Jumbe anasema: "Ulimpa amesimama. Akaanguka. Ndipo ukamkalisha." Nimelifikiria hili miaka kadhaa. Naona Jumbe ndiye mkweli. Jioni mtu huandika alichopaswa kufanya.

Haikupita dakika nyingi. Akasema, "Kichwa kinagonga," macho yakapoteza watu, akateleza ukutani polepole na kuondoka na lipu yangu upana wa kiganja, mpaka chini.

"Yarabi, mkwe wangu!" Bi Mwanaidi akatupa kikapu. "Umempa nini wewe?"

"Dawa yangu ya moyo."

"Ya moyo wako wewe! Yeye umemjua lini?"

Swali zuri kuliko yote ya siku ile, na nililiona kama kelele.

Tukamlaza, miguu tukaiinua juu ya mfuko wa chokaa. Baada ya muda akafumbua macho. Uso ulikuwa rangi ya jivu. Bi Mwanaidi alimpepea kwa upindo wa kanga, naye hata katika hali ile akawa anageuza uso pembeni asimtazame mama mkwe. Kifua hakijamwachia. Akanishika kiwiko. "Ndugu yangu. Nipe kingine."

Nikakimimina kiganjani. Cha mwisho. Kwa haki ya Jumbe niseme kwamba si mimi niliyesita. Kwenye hadithi mnayoisikia mimi ni mtu wa busara. Mimi nilikuwa nimeshainama. Jumbe ndiye aliyetema misumari, akasema, "Mzee mwenzangu, cha kwanza kimemwangusha. Piga simu."

Mtakapofika kule mtaona wenyewe kwamba simu haishiki, isipokuwa kwenye shubaka moja la chumba cha kusini, upande wa bahari. Si mbele yake, si chini yake. Ndani. Ukiitoa simu shubakani ukaileta sikioni, inakatika. Kwa hiyo wote tunaofanya kazi kule tuna desturi moja: simu unailaza shubakani, unafungulia spika, unapiga kelele. Siri za nyumbani kwetu sote, ukuta ule unazijua. Tukamweka Athumani kwenye machela yetu ya kubebea mawe, tukamsogeza mpaka chini ya shubaka ili majibu yapatikane karibu. Nikapiga.

"Babu! Umebanwa?"

"Si mimi. Ni mgeni, kabanwa kifua. Nimempa kimoja, kaanguka, kazinduka. Anataka kingine."

Simu ikakoroma kidogo. Nikadhani imekatika.

"Umempa mtu dawa yako?"

"Ndiyo, daktari."

"Basi usimpe tena mpaka nikuambie. Amelala?"

"Amelala, miguu juu."

"Ana presha? Anatumia dawa gani?"

Nikamwinamia Athumani. Akatikisa kichwa, hatumii kitu. Nikapiga kelele: "Hatumii kitu!"

"Hapo mna aspirini?"

"Hatuna."

"Haya. Sasa muulize: jana au juzi ametumia vidonge vya nguvu za kiume? Au yale mavumbi ya mizizi ya kuongeza nguvu?"

Chumba kile hakina paa, lakini kuta zake zinarudisha sauti vizuri sana. "Za kiume" ilikwenda ukuta wa mashariki ikarudi. Jumbe akaanza kuukagua mwiko wake kama vile ndiyo kwanza anauona. Mimi nikatazama mawingu. Kanga ya Bi Mwanaidi ikasimama hewani.

Msimlaumu daktari. Yeye ni mtu wa bara, na hata angekuwa wa hapa hapa, hakuona aliyekaa pale. Alikuwa anauliza kinachotakiwa kuulizwa. Mimi ndiye niliyekuwa nawaona wote, na sikumwambia.

"Sijatumia," akasema Athumani. Haraka mno.

"Anasema hajatumia!"

"Babu, nani yuko hapo?"

"Mimi, na Jumbe, na..." nikashusha sauti, halafu nikakumbuka shubaka, nikaipandisha tena, "na mama mkwe wake!"

"Aah," ikasema simu.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka, na si kwa mikono yangu. Nimeona kwenye hadithi yenu Bi Mwanaidi ni mwanamke anayelia pembeni. Hakulia. Aliinuka, akafunga kanga yake kiunoni, akachukua dumu lake. Dumu lilikuwa limejaa mpaka shingoni. Nililiona, Jumbe aliliona, na Athumani naye akiwa chini aliliona.

"Mimi nakwenda kuchota maji," akasema. "Kisima kiko mbali. Nitachelewa."

Akaondoka. Na alipokuwa anakwenda akawa anakohoa. Hatua tatu, kikohozi. Hatua tatu, kikohozi. Vikohozi vikawa vinapungua sauti, kimoja nyuma ya magofu ya msikiti, kimoja huko kwenye mibuyu, mpaka hatukusikia tena. Ndivyo alivyotuambia yuko umbali gani, bila kutuambia.

Athumani akafumba macho. "Jana usiku," akasema. "Kimoja. Nilinunua Masoko. Muuzaji alisema hakina madhara."

Nikapeleka maneno hayo shubakani kama yalivyo.

Sauti ya Daktari Neema ikabadilika, ikawa ya taratibu, kama ya mtu anayefundisha mtoto kuvuka barabara. "Babu, nisikilize. Usimpe tena dawa yako. Hata akilia. Hata akikuapia. Dawa yako inalegeza mishipa, na hicho alichokunywa jana kinalegeza mishipa, na bado kimo mwilini. Vikikutana, presha inaporomoka na inaweza isirudi. Ameshaporomoka mara moja, Mungu amemrudisha. Mlazeni, asitembee hatua moja, mleteni. Nitamsubiri ufukoni huku na gari."

Simu ikakatika. Nikageuka.

Vijana wangu, sehemu hii hamnisimulii kamwe, nami ndiyo ninayoiota. Maumivu yalikuwa yamemzidi. Kutoa kidonge hakukuwa na ugumu wowote, mkono ulikwenda wenyewe. Kunyima ndiko kulikokuwa kazi. Athumani alikuwa amenishika suruali.

"Ndugu yangu, unacho mkononi. Nakiona."

"Daktari kakataza."

"Daktari hana kifua hiki. Wewe unakijua. Wewe unacho."

"Nakijua."

"Basi nipe. Nife nawe umekishika?"

Nikamtazama Jumbe. Jumbe akasema, "Usinitazame mimi." Sina hakika na kitu kimoja mpaka leo: kama Jumbe asingekuwepo, ningekataa? Mtu anakusihi kwa maneno yako mwenyewe. Nilihisi vidole vinafunguka. Palikuwa na ndoo ya chokaa mbichi pale miguuni. Nikakitupa humo. Kidonge kidogo kama kichwa cha kiberiti, hakikutoa hata kishindo.

Athumani akaiachia suruali yangu. Alinitazama tu. Mnisamehe, siwezi kuuandika mtazamo ule.

Sijui kama nilifanya sawa kukitupa. Kukinyima, ndiyo. Kukitupa, sijui. Kilikuwa cha mwisho na mimi mwenyewe nina ugonjwa. Tulipopata watu wanne kutoka kijijini, wakabeba machela kwenye tope la mikoko mpaka boti ilipokuwa inaelea, mimi nyuma yao na magoti yamezama, kifua changu nacho kikaanza kubana. Nilikaa kwenye sakafu ya boti nikapumua kidogokidogo, nikijua kichupa ni kitupu. Mke wangu aliposikia hilo la ndoo alinisema siku tatu, kwa haki kabisa. Bi Mwanaidi alikaa kichwani pa mkwe wake, akamtandia kanga kumkinga jua. Yeye alikuwa amerudi kutoka kisimani na dumu lilelile, limejaa vilevile.

Daktari alikuwepo ufukoni kama alivyoahidi. Athumani akapelekwa mbele, hadi Lindi, akalazwa siku tisa, akarudi Kinjumbi kwa miguu yake. Moyo wake ulikuwa na ugonjwa tangu zamani, alikuwa hajui. Sasa ana kichupa chake mwenyewe, na kuna orodha ya vitu alivyokatazwa. Anasema mke wake amebandika orodha ile nyuma ya mlango.

Kidonge cha kwanza kiliendelea kunisumbua. Alhamisi ile kliniki nikamwuliza Daktari Neema: nisingempa kabisa, ingekuwaje? Akasema, "Sijui, babu. Labda angeumia kifua tu mpaka mumlete. Labda angekuwa na hali nzuri zaidi." Na kama asingekuwa ametumia kile kingine? "Labda kingemsaidia." Na kama ningemkalisha kwanza? "Asingeanguka vile, labda." Kila jibu lilikuwa na labda. Nilimpenda kwa hilo, maana angeweza kunidanganya nikalala vizuri. Kisha akasema, kwa ukali kidogo, kwamba dawa ile alinipima mimi, moyo wangu, presha yangu, akaandika jina langu juu ya chupa, na jina lile halikuandikwa kwa mapambo.

Mwaka uliofuata nilikutana na Bi Mwanaidi arusini. Nikamchokoza: "Bibi, siku ile ulisikia alichouliza daktari?"

"Kuuliza nini? Mimi nilikwenda kuchota maji."

"Dumu lilikuwa limejaa."

"Lilikuwa limejaa?" Akavuta kanga mdomoni. "Mtu mzima nikasahau. Haya, kula pilau hiyo, acha maswali."

Kwa hiyo, Zuhura na wenzako, jibu langu ni hapana. Vidonge sitawapa, hata kimoja, na mama wa yeyote kati yenu akiwa na vidonge vya presha msivichukue pia. Mwenye dawa yake abebe yake, aitumie yeye. Ninachowapa ni namba ya kliniki, iandikeni ukutani kwa mkaa karibu na shubaka, siyo juu ya lipu yangu. Machela iwe nzima. Mtu akibanwa kifua, kaeni naye chini, mlegezeeni nguo, asibebe kitu, asitembee, pigeni simu mara moja. Na mnapotakiwa kumwuliza mgonjwa jambo, kabla hamjafungua mdomo tazameni nani amesimama karibu. Kama kuna mkwe, kama kuna mtoto wake, kama kuna shehe wake, watafutieni wote kazi ya mbali. Mtu anaweza kufa kwa kuona haya, na anayemwua hajui. Bi Mwanaidi alilijua hilo bila kusomea. Sisi mafundi wawili wenye mvi tulikuwa tunatazama mawingu.

Hapo nilikuwa nimemaliza. Jioni nikamsomea mke wangu, Bi Somoe, akiwa anakuna nazi. Alisikiliza mpaka mwisho, hakucheka nilipotarajia. Akasema:

"Wewe daktari alipokupa vile vidonge mara ya kwanza, alikuuliza swali lile?"

"Lipi?"

"La mavumbi ya mizizi."

Nikasema, aliniuliza, nafikiri.

"Unafikiri? Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha pembeni yako. Ulimjibu hujawahi."

Nikaanza kufunga daftari.

"Kile kikopo kilicho nyuma ya sanduku la mwiko," akasema, na mbuzi ya nazi haikusimama, "mimi ndiye ninayefuta vumbi chumba kile. Miaka minne nakifuta."

Nimefikiri kulikata hili, vijana wangu. Nimeshika kalamu juu yake mara mbili. Lakini nimemwandika Athumani na aibu yake yote, naye si mjinga kuliko mimi, wala mimi sikuwa na mama mkwe pembeni, nilikuwa na mke wangu wa miaka thelathini na saba ya ndoa. Kikopo kile sijakitumia tangu mwaka juzi, kama inasaidia. Sijui kama inasaidia. Ndilo nitakalomwuliza Daktari Neema kesho asubuhi.

"Nikusindikize?" Bi Somoe akauliza.

Nikasema nitakwenda peke yangu.

"Vizuri," akasema, "kesho nina nguo nyingi za kufua." Hakuna hata nguo moja chafu humu ndani.

Tumekula wali wa nazi na kunde, na samaki changu wa kuchoma, wali wangu hauna chumvi.